Mtakoma na Samahani

Mwanangu Atupele,

Salamu tutapeana kesho stendi, na za kuagana pia, kwa hiyo hapa siziandiki. Wala sikuandikii uchemshe maji ya kunywa, au ufunge sanduku kwa kamba usije ukaamini kitasa chake. Hayo nimekuimbia tangu barua yako ya kazi ilipofika, mpaka jana ukanijibu, "Mama, na kupumua nako utanifundisha?" Nilicheka, lakini nilikasirika kidogo. Unanijua.

Nakuandikia kwa sababu alasiri ya leo nilikwenda kwa Bi Somoe kusema jambo nililopaswa kulisema miaka kumi na mitatu iliyopita, na nimerudi na jambo jingine nisilolitegemea kabisa. Ningeweza kukuita tu. Uko chumba cha pili, nasikia unavyopanga nguo na kuzipangua. Lakini mimi nikianza kulia sisemi, na nikianza kusema nafoka. Kwenye karatasi angalau natulia.

Unakwenda Kigoma kuwa mwalimu mgeni, kama mimi nilivyoletwa huku kutoka Tukuyu. Na ninavyokujua, mwezi hautaisha utakuwa umeshapewa mtoto wa mbwa. Usicheke, sikutukani. Basi nianzie kwenye mbwa, maana huko ndiko nilikokosea.

Mtakoma humkumbuki vizuri, au labda unamkumbuka kuliko mimi. Tulimpata Nachingwea, wiki ile ya kuhamia hapa Ruangwa. Baba yako alikuwa dereva wa malori ya korosho, wiki mbili yuko njiani, moja yuko nyumbani amelala. Nilikuwa naogopa kukaa peke yangu na wewe mdogo kwenye nyumba ya mwisho kabisa, mahali nisipojua mtu. Mlinzi mmoja wa maghala, mzee mwenye maneno mengi, akanipa kile kitoto cha mbwa kikiwa bado kinayumba kikitembea. Kilikuwa hata hakijaacha ziwa. Na akanipa somo lake: "Mwalimu, ukitaka mbwa wa maana, asiguswe na mtu. Mchana mfungie gizani. Chakula ampe mmoja tu, wewe mwenyewe. Na ugali wake utie pilipili, roho iwake."

Mimi, mwalimu mzima, cheti changu nimekitundika ukutani, nikaamini kila neno.

Jina nalo ni langu. Unajua watu wetu wanavyowapa mbwa majina ya kuwarushia jirani maneno juu ya ua. Kulikuwa na Hamnijui nyumba ya tatu, na Mtasema Mchana kule kwa fundi baiskeli. Nami nikaona nisibaki nyuma, nikamwita Mtakoma. Nani akome? Hata leo sijui. Jirani walikuwa hawajanifanyia lolote zaidi ya kuniletea mihogo. Nilikuwa mgeni, naogopa, na mwoga hupenda jina kubwa.

Banda lake nililijenga nyuma, mbao zimebanana mpaka mwanga unapita kama uzi. Siku za kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Wewe ulikuwa ukichuchumaa pale kwenye upenyo unampenyezea kidole alambe, nami nikakupiga kofi la mkono. "Utamharibu!" Nakumbuka ulivyoniangalia. Hukulia. Uliuficha mkono nyuma ya sketi, ukasema, "Lakini mama, anadhani hakuna watu."

Miaka saba ulikuwa nayo, mwanangu. Ulisema lote, nami nikaendelea kusaga pilipili.

Alipofikisha miezi mitano alikuwa hawezi kusikia kengele ya baiskeli bila kujibamiza kwenye mbao. Mtu akikohoa njiani, anatoa povu. Nilijivuna, wacha nikuambie ukweli. Nikasema mbwa huyo sasa. Jirani zetu ni Waislamu, hakuna aliyewahi kuomba kumgusa, nikahesabu kwamba wanamchukia, nikaona heri, kazi imekuwa nyepesi. Kumbe yule hakuwa mkali. Alikuwa na hofu. Kila chenye miguu miwili, isipokuwa mimi, kilikuwa kwake zimwi, kwa sababu hakuwahi kuonyeshwa mtu akiwa bado mdogo wa kuweza kujifunza.

Siku yenyewe unaijua. Bi Somoe alimtuma mjukuu wake, Sele, kurudisha ungo wetu. Miaka sita. Mimi nilikuwa nimetoka mbio kwenda shule, wakaguzi wanakuja, nikampa mbwa chakula chake, na komeo la banda sikulirudisha. Mimi. Si upepo, si wewe, si mbwa aliyevunja. Niliposikia ukelele nilikuwa sijafika hata barabarani. Nilirudi nikamkuta Bi Somoe anampiga Mtakoma kwa mchi, na Sele yuko chini amekumbatia ungo, shavu la mguu limechanika, hata halii.

Sindano za kichaa cha mbwa zilikuwa Nachingwea. Bi Somoe alimpeleka mtoto huko na kumrudisha, kisha akampeleka tena, na tena, juu ya magunia ya korosho kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope. Sikwenda naye hata mara moja. Nilisema nina vipindi.

Na jioni ya siku ile ile, balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja na wazee wawili kuuliza imekuwaje, mimi nilisimama mlangoni nikasema mtoto alirusha mawe, akamchokoza mbwa mpaka akavunja komeo. Niliwaona wanatazamana. Ndipo nikakugeukia wewe. "Atu, si Sele alirusha jiwe?"

Ukaniangalia. Halafu ukasema, "Ndiyo."

Nimefundisha mamia ya watoto kusoma na kuandika. Wewe nilikufundisha hilo. Nimelibeba miaka yote hii kama kokoto kwenye kiatu. Ninatembea, watu hawajui, lakini mimi najua kila hatua.

Mtakoma alimalizwa na bwana mifugo kesho yake. Namwonea huruma mpaka leo.

Sasa nije kwenye shukrani, maana barua hii ni ya shukrani, ingawa imeanza kama kesi.

Miezi miwili ilipita. Mimi na Bi Somoe tulikuwa tunasalimiana kwa midomo tu. Siku moja baada ya swala ya alasiri namwona anakuja, kikapu mkononi, Sele nyuma yake ameshika khanga ya bibi yake kwa ngumi mbili. Ndani ya kikapu kuna kitoto cha mbwa, cha rangi ya mchanga, kinene, masikio yamelala.

"Mwalimu," akasema, "huyu katoka kwa kaka yangu kule Mandawa. Ana wiki nane, kanyonya kashiba, kacheza na ndugu zake. Huyu hawezi kukaa kwangu ndani, nina msala wangu. Atakaa kwako. Lakini atakua kwetu sote."

Nikamwambia, "Bi Somoe, mbwa tena? Baada ya yale?"

"Ndiyo kwa sababu ya yale. Ntoto huyu," akamgusa Sele kichwani, "akisikia mbwa anabweka hata mbali, anajikojolea. Na sisi shamba letu liko Likunja, bila mbwa nguruwe wanavuna kabla yetu. Ataishije? Alipoumia, hapo hapo ndipo atakapoponea."

Mimi bado nilikuwa na somo langu la Nachingwea, nikamwambia mbwa akishikwashikwa na kila mtu hatalinda. Bi Somoe akacheka mpaka akashika kiuno. "Ala! Mwalimu! Mbwa asiyejua watu atamjuaje mgeni? Kwake wote ni wageni. Baba yangu alifuga mbwa wa shamba, kila mtoto wa mbwa alipita mikono ya kijiji kizima kabla hajaota meno ya pili. Na mwizi hakuthubutu."

Na wewe ukatoka mbio ukakichukua kile kitoto kikapuni, ukatangaza hapo hapo: "Anaitwa Samahani." Nikakuuliza jina gani hilo la mbwa. Ukasema, "Nimelipenda tu." Bi Somoe hakucheka. Alikuangalia wewe, kisha akaangalia chini. Mimi sikuelewa kitu.

Tukaanza. Kila siku Bi Somoe alikaa kwenye mkeka kuukuu kwenye mpaka wa nyumba zetu, akampakata Samahani, akampapasa masikio, akamfungua kinywa akamtazama meno, akambonyeza vidole vya miguu kimoja kimoja, taratibu, huku anamsemesha Kimwera. Akimpa ugali, anautia mkono katikati ya kula, anauondoa, anaurudisha na kichwa cha dagaa juu yake. "Ajue mkono wa mtu unaongeza, haupunguzi." Watoto wa jirani wakaja, mmoja mmoja, wameketi, hakuna kumkimbiza. Akaja mzee mwenye gongo. Akaja mama aliyejifunika baibui. Wengine walimgusa akiwa mkavu, wengine walimrushia tu kipande cha muhogo na kumwita jina, naye akajifunza kwamba watu wako namna nyingi na hakuna aliyemla.

Halafu likaja jambo la maji. Kila alipomaliza, Bi Somoe alikwenda pembeni mwa uwanja wake, akachukua kopo, akaosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kama udenda umeigusa khanga, anaivua na kuiosha vivyo hivyo. Mimi naangalia kupitia ua, nimefura. Nikasema moyoni, mama huyu anataka nione ninavyomtia uchafu. Anatuosha sisi. Nikanuna siku nne nzima, salamu yake naijibu kwa pua.

Siku ya tano akaniita. "Mwalimu, mbona umenuna? Mimi naosha udenda, sikuoshi wewe. Nina swala saa hizi. Dini yangu haikunikataza kumsaidia mnyama, imeniambia tu nijitoharishe."

Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu ya mbili mara mbili. Maana ilikuwa kiangazi, Atu. Unakumbuka kiangazi cha hapa. Maji yalifuatwa bondeni, ndoo kichwani, unaondoka giza unarudi jua limekuchoma. Na mama yule, mjane, magoti yanamuuma, alikuwa anamwaga maji yake mara saba, kila siku iendayo kwa Mungu, kwa ajili ya mbwa wa mtu aliyemsingizia mjukuu wake. Mimi nilikuwa nahesabu dharau, kumbe nahesabu wema.

Kuanzia kesho yake ndoo zangu mbili za kwanza zilikwenda kwake. Hatukusemezana juu ya hilo. Nilizitua tu karibu na kopo.

Usidhani baada ya hapo nilikuwa na akili. Wiki ile ile nikataka yote yaishe siku moja, nikambeba Samahani mpaka sokoni siku ya gulio, kwenye mashine ya kusaga, spika za muuza dawa, mbuzi, matarumbeta ya chama. Akajikojolea mkononi mwangu, akatetemeka, akaingia chini ya kitanda siku mbili. Bi Somoe aliniwakia! "Mtume! Hata kichanga hatolewi nje kabla ya arobaini, wewe umempeleka kwenye ngoma? Mwonyeshe dunia kwa kijiko, mwalimu, si kwa ndoo!" Tukaanza tena, mashine ya kusaga kwa mbali kwanza, mahali anaposikia na bado anaweza kula. Kesho hatua kumi mbele. Akiogopa tunarudi nyuma, hatumburuzi wala hatumcheki. Mpaka akalala usingizi chini ya mti wa mashine, kelele zote zile.

Na Sele. Siku za kwanza alikaa mlangoni kwao, hakuvuka. Bi Somoe hakumwita. Ilipita wiki, akavuka, akakaa mbali ametupa mgongo, anajifanya anachora mchangani. Wewe ulikaa naye, unachora pia. Alasiri moja Samahani akatoka kwenye mkeka, akatembea mwenyewe, akaulaza mwili wake juu ya mguu wa Sele, ule ule wenye kovu, akasinzia. Sele akaganda. Machozi yanamtoka, lakini mguu hakuuondoa. Nikataka kupiga makofi, Bi Somoe akanikataza kwa jicho. Baada ya muda mrefu ule mkono mdogo ukashuka, ukagusa sikio.

Nikaingia ndani nikalia kwenye gunia la mahindi. Na hata hapo, hata hapo, sikusema kweli.

Samahani hajamuuma mtu mpaka leo amekuwa mzee wa ndevu nyeupe, na bado mwaka ule wa ufuta mwingi alimzuia mgeni wa usiku mlangoni, akabweka bila kumgusa mpaka jirani wakafika. Sele amelala shambani Likunja naye misimu mingapi? Wewe umekua na marafiki nyumba zote hizi, unakula futari kama mtoto wao. Haya yote mimi sikuyajenga. Nimepewa.

Basi leo nikasema, mtoto anaondoka, siwezi kumwacha aende na uongo wangu kwenye sanduku. Nikaenda. Bi Somoe alikuwa anapeta mtama. Nikakaa chini, si kwenye kiti, nikamwambia yote. Komeo. Jiwe lisilokuwapo. Wewe nilivyokulazimisha.

Akaendelea kupeta. Kisha akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake. Ntoto wako alikuja kabla ya shule. Kaleta yai moja, kalificha mfukoni mwa sketi, kasema ni la Sele. Kaniambia, 'Mama aliacha mlango wazi. Sele hakurusha jiwe. Mimi nilisema uongo. Bibi, usimwambie mama, atalia.'"

Atu. Lile yai nalikumbuka. Nilihesabu mayai ya kuku aliyekuwa akiatamia, likapungua moja, nikakuuliza, ukasema umelivunja. Nikakuchapa fimbo mbili. Ukapokea fimbo zako ukaenda shule.

Nikamuuliza, kwa nini basi uliniletea mbwa? Akasema, "Nilikasirika, wallahi nilikasirika. Nilitaka nisikutazame tena. Lakini nikasema, nyumba yenye ntoto kama yule haijaoza. Nikangoja. Nilidhani utakuja wiki ile. Mwalimu, umechelewa!" Akacheka, nami nikacheka huku kamasi zinanitoka.

Halafu akaacha kucheka. Akaniambia neno ambalo sikulijua. Sele, kijana wa miaka kumi na tisa sasa, anaamini kwamba yeye ndiye alimchokoza Mtakoma. Alikuwa mdogo, watoto wenzake walimwimbia lile jiwe shuleni mpaka likawa kumbukumbu yake. Huwaambia watu, "Mimi nilikuwa mtundu, nilimpiga mbwa mawe, akauawa kwa ajili yangu." Bi Somoe amemwambia mara nyingi si kweli, hasadiki. "Mimi bibi yake," akasema, "ataona nampendelea. Neno hilo ni lako, si langu."

Hilo ndilo, mwanangu. Nilikuwa nimekaa niandike mausia, nikakuta sina. Unaenda kwa watu usiowajua, na mambo yote ninayotaka kukuambia uliyajua ukiwa na miaka saba: ulimpa mbwa kidole kwenye upenyo, ulipeleka yai, ulichagua jina. Nimeliita jina lile juu ya ua kila jioni, miaka kumi na mitatu, jirani wote wanasikia, nikidhani namwita mbwa ale. Nakushukuru. Nakushukuru kwa fimbo mbili zile, na unisamehe kwazo.

Kesho alfajiri Sele atakuja na baiskeli kubeba sanduku lako, na Samahani atamfuata hata tukimfukuza. Utaona Sele anavyochechemea kidogo akipanda kile kilima cha stendi. Mimi siku zote hapo huangalia pembeni. Kesho nitaangalia. Na sanduku likishapandishwa juu ya basi nitamwambia, mbele yako, nani aliacha komeo wazi.

Naogopa sana. Kondakta akipiga kelele, mwache apige. Usipande mpaka nimalize kusema.

Mama yako